Mti Ambao Hatutauvuna Sisi

Bismillahir-Rahmanir-Rahim.



Vilima vingi vinavyozunguka Butembo yetu vimejaa mikaratusi. Hatulaumu. Mkaratusi hukua upesi, hutoa kuni, makaa na miti ya kujengea, na watoto wanalipiwa shule.

Lakini katika misitu ya mlima Ruwenzori kuna mti wa asili uitwao podo, wenye undugu na msonobari. Ubao wake ni mzuri, ila hukua polepole: anayeupanda leo mara nyingi hatauvuna yeye. Tena kuna podo dume na podo jike. Ukibakiza mmoja peke yake, hata uwe mkubwa namna gani, hauachi kizazi.

Je, tuna deni kwa watu ambao hawajazaliwa? Mwingine atasema: "Hawajanipa kitu." Basi tumuulize: na wewe uliwapa nini wale waliokuachia msitu? Ndege walieneza mbegu, wazee walizuia shoka. Hao hatuwezi kuwalipa tena. Deni lao hulipwa kwa wanaokuja.

Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kwamba hata Kiyama kikifika na mtu ana mche mkononi, akiweza, aupande. Hakutuambia tuulize kwanza nani atavuna. Ujira uko kwa Mwenyezi Mungu.

Kwa hiyo mwenye shamba la mikaratusi atenge kona ndogo, apande podo kadhaa, sio mmoja.

Ewe Mola, tujaalie tuache kheri nyuma yetu. Amin.