Deni la Mwindaji Kabla ya Msimu

Kosa la mwindaji aghalabu hutafutwa katika dakika aliyopiga bunduki. Kulungu akijeruhiwa akatoweka porini na maumivu yake, watu huuliza kama mkono ulitetemeka au jicho lilidanganyika. Ni wachache waulizao habari za majuma yaliyotangulia siku ile. Nadai katika insha hii kwamba hukumu ya tendo la namna hiyo huanza zamani kabla ya bunduki kulia, na kwamba ujinga ambao mtu aliweza kuuondoa, akauacha, hauwezi kuwa udhuru wake.

Mfano wangu nautwaa Marekani, kwa wawindaji watumiao gobori kwa hiari yao. Msomaji aijua silaha hii: baruti hutiwa mdomoni mwa mtutu, risasi hufuata, na vyote viwili hushindiliwa kwa mdeki. Katika Afrika gobori lilikuwa silaha ya watu walionyimwa nyingine. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia bunduki mpya zisiingizwe katika sehemu kubwa ya bara hili, ukaacha mlango kwa zile za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Kule Marekani mambo ni kinyume. Majimbo mengi yametenga msimu maalumu wa gobori. Pennsylvania ilianza msimu wa bunduki za gumegume mwaka 1974, na Colorado hairuhusu darubini juu ya bunduki katika msimu huo. Mtu mwenye bunduki ya kisasa nyumbani huiacha ukutani, akachukua ile impayo pigo moja tu, kwa sababu apenda ugumu wake.

Hapa ndipo lilipo swali la maadili. Ugumu huu ni wa hiari ya mwindaji, lakini kulungu hakuuchagua. Aliyejipunguzia uwezo kwa ajili ya furaha yake mwenyewe ana haki gani ya kumlipisha mwingine gharama ya upungufu huo? Wahenga walisema kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu ni mchungu. Jibu moja tu laweza kumwondolea mwindaji lawama hiyo, nalo ni kazi: upungufu alioutia katika silaha yake aufidie kwa maarifa kabla msimu haujafunguliwa.

Kazi yenyewe ni ya subira. Risasi ya bunduki ya kisasa hutoka kiwandani na baruti yake imekwisha kupimwa. Katika gobori mpimaji ni mwindaji mwenyewe. Kila mtutu una tabia yake. Wenye mifuo ijizungushayo polepole, mzunguko mmoja katika inchi 66, hupatana na risasi ya mviringo iliyovikwa kitambaa chenye mafuta. Wenye mzunguko mmoja katika inchi 28 hutaka risasi ndefu. Baruti nyeusi hupimwa kwa ujazo, kwa kipimo kiitwacho greni, ambacho 7,000 hufanya uzito wa ratili moja. Mwangalifu huanza na kiasi kidogo, akaongeza greni 5 kila hatua bila kuvuka mpaka uliowekwa na mtengenezaji wa bunduki, wala hatii baruti ya kisasa isiyo na moshi, maana hiyo yaweza kuupasua mtutu. Kwa kila kiasi hupiga mara kadhaa katika karatasi ya shabaha. Hubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja: akibadili baruti, kitambaa hubaki kile kile. Huufuta mtutu baada ya kila pigo, kwa kuwa zaidi ya nusu ya baruti nyeusi iunguayo hubaki kuwa masizi na chumvi. Hutia alama juu ya mdeki ili ajue kwamba risasi imekaa barabara juu ya baruti, kwa sababu nafasi tupu kati ya viwili hivyo ni hatari.

Huu ni mwendo wa elimu. Benjamin Robins, mwanahisabati wa Uingereza, alichapisha mwaka 1742 kitabu juu ya mizinga na bunduki, akaeleza jinsi ya kupima mwendo wa risasi kwa kuipiga katika ubao mzito unaoning'inia. Kabla yake wengi waliamini kwamba upinzani wa hewa kwa risasi ni mdogo wa kupuuzwa. Vipimo vyake vilionyesha kwamba ni mkubwa sana. Mkulima anayejaribu gobori lake nyuma ya ghala hufuata njia ile ile: haikubali dhana mpaka ameiuliza karatasi.

Na karatasi hufundisha mambo yapitayo bunduki. Kwanza, kiasi kikubwa kabisa cha baruti aghalabu hakileti shabaha nzuri kabisa. Kishindo huongezeka, bega huumia, na matundu hutawanyika. Anayependa nguvu kuliko usahihi hupata nguvu, akakosa alichokitaka nguvu hiyo impatie.

Pili, karatasi humjaribu mpigaji katika ukweli. Tuseme matundu manne yamekusanyika pamoja na la tano limekwenda mbali. Nafsi husema upesi kwamba hilo la tano lilikuwa la upepo, lisihesabiwe. Huenda ni kweli. Lakini porini mwindaji atapiga mara moja tu, na hakuna ajuaye kama pigo hilo litakuwa moja la yale manne au lile la tano. Anayelifuta tundu la aibu amejifanyia sifa ya uongo, na atakayeudhihirisha uongo huo kwa mwili wake ni kulungu.

Tatu, karatasi huweka mpaka. Matundu yaliyoenea inchi 6 katika umbali wa yadi 50 yataenea inchi 12 au zaidi katika yadi 100, ilhali mahali pa moyo na mapafu ya kulungu ni kama inchi 8 tu. Basi mwenye kipimo hicho hana ruhusa ya kupiga kwa yadi 100, hata pembe za mnyama zingekuwa nzuri namna gani. Faida kubwa ya jaribio ni kumjulisha mtu wakati wa kuishusha bunduki.

Yupo atakayepinga, aseme kwamba karatasi haikimbii, na mtu aliyeketi mezani hatweti kama aliyepanda mlima. Ni kweli, na kwa hiyo jaribio la haki humtoa mpigaji mezani likamsimamisha kwa miguu yake. Humtaka pia apige risasi ya kwanza ya asubuhi kutoka mtutu safi na baridi, maana hiyo ndiyo atakayoipiga porini. Mwingine atapinga kwa neno zito zaidi: kwamba ikiwa kuua kwa ajili ya furaha ni kubaya, kuua kwa shabaha njema hakukuwi kwema. Neno hili silikatai. Usahihi hauwezi kuuhalalisha uwindaji. Wenye kuuhalalisha na watafute hoja nyingine. Nisemalo ni kwamba yeyote aliyekwisha kuamua kuwinda hakubakiwa na hiari ya kutojua.

Wala hukumu hii haiwahusu wawindaji peke yao. Tabibu hushika kisu, hakimu hushika kalamu, na mwalimu hutamka neno moja mbele ya mtoto. Kila mmoja wao hupata saa ambayo pigo ni moja wala halirudishwi. Kwa mtazamaji saa hiyo huonekana ndiyo tendo lote. Kwa mwenye kutenda, sehemu kubwa ya tendo imekwisha kupita, katika siku za kimya ambazo hakuna aliyemwangalia, alipokubali au alipokataa kujipima.