Je, Yatosha Kutoiba?

Liko swali ambalo sisi tuliozoea kusimamia mitihani twalijua vema. Mtu asiyeiba, lakini awaonaye wenzake wakiiba akanyamaza, tumwite mwaminifu? Kwa miaka mingi mimi nilijibu, "Ndiyo, na yatosha." Habari za Mfaransa mmoja, Christophe Bassons, zimenitia shaka.

Huyu alikuwa mwendesha baiskeli wa kulipwa katika timu ya Festina. Mwaka 1998 gari la timu hiyo lilikamatwa mpakani limejaa dawa za kuongeza nguvu. Katika uchunguzi, wenzake wenyewe walishuhudia kwamba Bassons hakuzitumia. Hapo angeweza kukaa kimya na sifa yake. Lakini katika Tour de France ya 1999, akiwa timu nyingine, aliandika gazetini kwamba mchezo haujatakasika. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa ni yeye.

Njiani kwenda Alpe d'Huez, Mmarekani Lance Armstrong, aliyekuwa akiongoza mashindano, alimsogelea akamwambia kuwa maneno yake yanauharibu mchezo, afadhali aende zake. Wengi walimtenga. Baada ya siku mbili akaondoka, moyo umechoka. Mwaka 2001 aliacha kazi hiyo kabisa, hajafika miaka 30.

Waliomtenga walikuwa na hoja, wala tusiidharau: wadhamini wakikimbia, watoto wa wengi watakosa chakula. Lakini je, yule aliyekataa dawa hana watoto? Tuzo yake ilichukuliwa kila siku, na kimya cha wenzake ndicho kilichoufunga mlango asidai. Tena kijana anayekuja nyuma, akidhani wote hushinda kwa nguvu zao, hujilaumu kwa udhaifu asio nao.

Twasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilichukua miaka 13: Armstrong alinyang'anywa ushindi wake wote saba wa Tour mwaka 2012, na mwaka uliofuata akakiri.

Zamani chuoni, mwanafunzi mmoja wa ualimu alinijia usiku kunieleza juu ya karatasi ya mtihani iliyokuwa ikizunguka bwenini. Asubuhi nilimsimamisha mbele ya darasa azungumze. Niliona ndiyo haki. Tangu siku hiyo hadi muhula ulipokwisha alikula peke yake, nami nilimpita mezani pake kila siku bila kuketi.