Shingo ya Abiria

Ndugu msomaji, kubadili gia bila kulishtua gari ni ufundi tu, au ni wema pia? Najifunza gia kwenye Mazda MX-5, kigari cha spoti cha viti viwili kilichozinduliwa mwaka 1989, na swali hili haliniachi.

Chukua mfano. Uko gia ya nne, injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Ukishuka hadi ya tatu kwa mwendo uleule, inatakiwa izunguke karibu mara 4,000. Ukiachia klachi hivihivi, gari linaruka. Dereva mzuri hukanyaga mafuta kidogo kwanza, injini ipande, ndipo aachie.

Sasa, mshtuko humpata nani? Dereva anaujua kabla haujaja, tena ameshika usukani. Abiria hana habari, na shingo ni yake. Kwa hiyo, bwana, raha ya dereva si kipimo cha udereva.

Naona ni hivyo hata kwa baba wa nyumba, mwalimu na kiongozi. Wote hubadili mwendo wa wenzao, na mara nyingi ni lazima. Lakini anayebadili na aanze kwa kujirekebisha mwenyewe, ndipo aachie klachi.