Bei ya Asiyejua

Je, mnunuzi anayejua thamani ya kitu analazimika kumwambia muuzaji asiyeijua? Swali hili huulizwa zaidi kuhusu viwanja. Mimi nalichukua kwenye stempu na sarafu za kale, maana huko ndiko anachokiona muuzaji na anachokijua mnunuzi hutofautiana kupita kiasi.

Mfano mkubwa ni wa hapa hapa Kampala. Mwaka 1895 mmisionari Ernest Millar alizipiga kwa taipureta, huko Mengo, stempu za kwanza za Uganda: vipande vya karatasi nyembamba vyenye herufi U na G na tarakimu, basi. Bei iliandikwa kwa hesabu ya kauri, kwa kuwa kauri ndizo zilizokuwa pesa, 200 kwa rupia moja. (Waganda hadi leo pesa huziita ensimbi, jina lile lile la kauri.) Kauri zilikufa kama pesa, lakini kikaratasi cha kauri 50 leo huuzwa mnadani kwa maelfu ya pauni. Asiyekijua angekifagia pamoja na vumbi.

Huku Bwaise, ninakoishi, karatasi za zamani hazidumu. Tuko bondeni, na mvua kubwa ikinyesha maji huingia hadi chini ya kitanda. Kinachobaki ni sarafu, na wanunuzi wa vyuma chakavu hupita na vipaza sauti wakinunua chochote kwa kilo. Jirani yangu, mjane tunayemwita Jajja, ana mkebe alioachiwa na marehemu mumewe: senti zenye tundu katikati, na shilingi za Afrika Mashariki zenye simba na milima. Kwake hizo ni pesa zilizokufa, na simlaumu. Watu wa umri wake waliona noti zenye sura ya Amin zikiondolewa baada ya kuangushwa kwake 1979. Mwaka 1987 wakapewa shilingi 1 mpya kwa kila 100 za zamani, na juu ya hapo wakakatwa asilimia 30. Aliyepitia hayo hahitaji mwalimu wa kumwambia kwamba pesa ya zamani ni takataka.

Rafiki yangu, mwanafunzi mwenzetu, alitaka kuununua mkebe ule kwa shilingi elfu 20. Yeye anajua. Anajua kwamba umri peke yake si kitu, kwa kuwa senti zile zilitengenezwa kwa mamilioni. Anajua kwamba shilingi za 1921 hadi 1946 zina robo ya madini ya fedha, karibu gramu 2 kila moja, na za baadaye hazina. Anajua pia kwamba sarafu iliyosuguliwa kwa majivu ing'ae, kama Jajja alivyozisugua kadhaa, hupungua thamani mbele ya wakusanyaji. Akaniomba nimpeleke, kwa kuwa Jajja ananiamini. "Ujuzi ndio jembe langu," akasema. "Nimekesha nikisoma. Mkulima naye aombe radhi kwa kuvuna?"

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na ni ya kale. Cicero, Mrumi, anasimulia juu ya mfanyabiashara aliyefika Rhodes na nafaka wakati wa njaa, akijua kwamba meli nyingine ziko njiani. Je, awaambie wanunuzi? Diogenes wa Babeli alishikilia kwamba kunyamaza si kuficha. Antipater, mwanafunzi wake, akapinga: aliyezaliwa kuwafaa wenzake hawanyimi wanachohitaji kujua. Mimi niko na Antipater, ila naona kisa hicho hakitoshi. Watu wa Rhodes wangeziona meli baada ya siku chache. Jajja hakuna meli anayoingojea.

Kinachonifaa zaidi ni katazo la Mtume Muhammad dhidi ya kuwapokea wenye msafara njiani kabla hawajafika sokoni. Aliyeuza njiani, akifika sokoni, ana hiari ya kuvunja mauzo. Kwa jinsi ninavyoelewa, faida haikukatazwa. Kilichokatazwa ni kumwahi mtu kabla hajaliona soko. Na soko la sarafu za Jajja liko wapi? Halipo Bwaise, wala Owino. Liko minadani ng'ambo na kwenye simu ambayo yeye hajui kuitumia. Hatafika huko kamwe, kwa hiyo hiari ile kwake ni maneno matupu, isipokuwa yule anayejua amfikishe. Ndiyo maana nasema rafiki yangu anadaiwa kusema kabla ya bei kutajwa. Kukesha kwake kuna ujira, naam, lakini autaje waziwazi, kama dalali anavyotaja chake.

Alinijibu kwamba Jajja akiambiwa atajiona tajiri, atakataa kuuza, na mafuriko yatauchukua mkebe wote. Huenda. Lakini mkebe ni wake, hata wa kupoteza.

Nilikataa kumpeleka mpaka alipokubali kumweleza. Alieleza, kwa uso uliokunjamana, na Jajja akasikiliza huku akizipanga sarafu mkekani. Shilingi zisizosuguliwa akamwachia kwa makubaliano ya kugawana theluthi mbili kwa moja, kubwa ikiwa yake. Zile zilizosuguliwa, zisizo na maana kwa wakusanyaji, akazirudisha mkebeni na kusema hizo haziuzwi.