Bia na Kikoa: Juu ya Safari ya Marafiki

Marafiki wanaposhauriana kwenda kupumzika pamoja mwisho wa juma, huonekana kama washauriana juu ya mahali, saa na chakula. Kwa kweli washauriana juu ya urafiki wenyewe. Chini ya mashauri yao limefichika swali moja: gharama ya furaha ya wote ichukuliwe kwa kipimo gani?

Waswahili wa zamani walikuwa na maneno mawili kwa jambo hili. La kwanza ni bia. Wengi wa siku hizi wakilisikia hufikiri kileo. Walakini kula bia ni kula kwa mchango, kila mlaji akatoa fungu lake. La pili ni kikoa. Katika kikoa watu hula pamoja kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Bia humaliza hesabu papo hapo. Kikoa huiacha wazi. Mla bia huondoka hana deni. Mla kikoa huondoka na deni, na deni hilo ndilo sababu ya kukutana tena.

Na utwaliwe mfano wa marafiki saba wa Mji Mkongwe wanaotaka kwenda Matemwe, kaskazini mashariki ya Unguja, mwendo wa kilomita 50 hivi. Mmoja ana duka, wengine wana mishahara, na wa saba ni fundi cherehani, ambaye kazi yake hujaa kabla ya Idi na hupungua baada yake. Mashauri hufanywa kwa simu. Mwenye duka hutaja hoteli ya ufukweni. Mwingine hutaka mashua ya kwenda kuogelea kwenye miamba ya Mnemba. Jumla hugawanywa kwa saba. Sita hujibu kuwa wameridhika. Fundi hujibu kuwa siku hizo ana harusi ya jamaa. Harusi hapana, pana mfuko mtupu na haya.

Je, fundi amedhulumiwa? Mwenye duka aweza kusema hapana: mafungu yalikuwa sawa, hakulazimishwa mtu wala hakukatazwa mtu. Hoja hii si ya kudharauliwa. Usawa wa mafungu ni ngao ya pande mbili. Humlinda mwenye nacho asinyonywe na wadoezi, maana wadoezi wapo. Tena humlinda asiye nacho asije akasimangwa kwa alichokula. Walakini usawa wa fungu si usawa wa uzito. Aliyetoa salio la mfuko na aliyetoa chakula cha watoto wake huandikwa daftarini kwa tarakimu moja, hali hawakutoa kitu kimoja. Hesabu imekwenda sawa, na rafiki mmoja amebaki nyumbani na uongo ambao hakupenda kuusema.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka daraja tatu za kumpa ndugu mali katika kitabu chake cha Ihya. Ya juu ni kumtanguliza ndugu kuliko nafsi. Ya katikati ni kumweka sawa na nafsi. Ya chini ni kumkidhia haja kwa kilichozidi. Hata katika daraja hiyo ya chini, Ghazali aliona kuwa kumngoja ndugu mpaka aombe ni upungufu mkubwa wa udugu. Kwa kipimo hiki, kosa la wale sita halikuwa kukataa kumlipia mwenzao, kwa kuwa hakuna aliyewaomba. Kosa ni kufanya mpango ambao ndani yake asiyeweza hana budi kuomba au kudanganya.

Matemwe kwenyewe kuna mafunzo mawili juu ya jambo hili. Mbele ya pwani yake iko Mnemba, kisiwa kidogo ambacho macho ya wote hukifikia, lakini mchanga wake hukanyagwa na wageni wa hoteli iliyopo. Hiyo ni kanuni ya biashara: anayelipa huingia. Desturi ya wavuvi wa pwani ya Waswahili ni nyingine. Chombo kirudipo, samaki hugawanywa kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Baharia asiye na chombo wala nyavu ameleta mikono yake, na mikono huhesabiwa. Mgawanyo huu si usawa kamili, maana mwenye chombo hupata zaidi. Lakini hapana anayemwambia baharia kuwa hakuleta kitu. Marafiki wakichagua kanuni ya kisiwa, wasishangae wakibaki wachache. Wakichagua kanuni ya chombo, watauliza kila mtu ana nini, kabla ya kuuliza ana kiasi gani.

Kutenda haya si kazi kubwa. Mpango na uanzie kwenye mfuko mdogo kuliko yote, pasipo kumtaja mwenye mfuko. Daladala hufika Matemwe. Nyumba ya kupanga mara nyingi hulipiwa kwa usiku, wala bei haizidi kwa kichwa cha saba. Mchele hutoka nao mjini, na samaki hununuliwa vyombo viingiapo. Bahari ikipwa, wanawake hutembea mbali kwa miguu kutafuta pweza na kutunza mwani, kilimo kilichoanza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989. Na mgeni aweza kutazama mapambazuko juu ya maji hayo bila tikiti. Mwenye duka akiona amepunjwa raha ya hoteli, na ajiulize alikuwa akitafuta kitanda au wenzake. Kitanda aweza kukifuata peke yake siku yoyote.

Yabaki mashaka ya haya: je, fundi hataona uchungu wa kubebwa? Ataona, ikiwa atabebwa peke yake na kila siku. Dawa ya uchungu huo ni zamu. Katika kikoa kila mtu hupata siku ya kupokea na siku ya kutoa, na siku ya fundi itakuja, kwa fedha, kwa cherehani, au kwa kukesha na mgonjwa. Mdoezi hujulikana kwa kuikimbia zamu yake. Maskini hujulikana kwa kuingoja.

Wanachuoni wa Kiarabu, na Ghazali miongoni mwao, walisema kuwa safari imeitwa hivyo kwa sababu hufunua tabia za watu. Kufunuliwa huko huanza kabla gari halijaondoka Mjini. Huanza pale mmoja anaposema hawezi kwenda, na wenzake wakachagua kuuliza sababu au kugawanya upya kwa sita.