Kilichobaki Ghalani

Wafua chuma wa Ufipa hawakuhangaika kubeba mawe kuyapeleka mbali. Ilungu, tanuru lile refu kupita kimo cha mtu, walilijenga karibu na mawe yenye chuma na miti ya mkaa. Kilichobebwa kwenda kusafishwa ni bonge la chuma tu. Mavi ya chuma yaliachwa porini.

Wahandisi wa kompyuta nao wameanza kufuata njia hiyo. Tangu andiko la John von Neumann la mwaka 1945, kompyuta nyingi zimetenga akili upande huu na ghala la taarifa upande ule. Kila tarakimu husafiri ikahesabiwe, kisha irudi kulala. Mwaka 1977 John Backus aliilalamikia njia hiyo, akaifananisha na shingo ya chupa. Ndipo zikaja diski zenye prosesa ndani yake, kama SmartSSD ya Samsung: swali linakwenda ghalani, linarudi jibu peke yake. Muda unaokolewa, na umeme pia. Si mchezo!

Hesabu hiyo naikubali. Roho ndiyo inayosita.

Niliwahi kuwa karani wa mizani katika ghala moja la mahindi hapa Sumbawanga. Mwanzoni daftari lote lilipelekwa makao makuu, kila gunia na mwenyewe. Baadaye tukaambiwa: jumlisheni hukohuko, leteni jumla. Kazi ikawa nyepesi kweli. Msimu huo bibi mmoja alileta magunia matatu, nikayakataa kwa unyevu. Wiki iliyofuata nikagundua kipimo ni kibovu. Kha! Lakini jumla yangu haikuwa na kosa hata moja, maana yaliyokataliwa hayakuandikwa popote.

Siku ile aliniuliza, "Mjukuu wangu, umeniandika?"

"Nimekuandika, bibi."

Sasa diski ikichuja kabla ya kutuma, lawama ya kilichoachwa itamkalia nani? Wa makao makuu atasema hakukiona. Wa ghalani atasema hakuulizwa. Mtaniambia diski haitupi kitu, taarifa bado zimo, anayetaka atazirudia. Sawa. Hata mavi ya chuma ya malungu bado yapo, na wataalamu wa mambo ya kale huja kuyachunguza. Lakini wao walijua kuna kitu cha kutafuta. Pale makao makuu nani angekuja kumtafuta bibi, wakati jumla imekaa sawa?

Kipimo kilibadilishwa. Bibi sikumwona tena mizani.