Kutoa ni Moyo, au ni Mchezo?

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tukiichukua methali hiyo kama dai la kisayansi, inatuambia kwamba ukarimu ni sifa ya ndani: mtu anao au hana, na unene wa mfuko wake hauhusiki. Wachumi wengi hawakulikubali dai hilo. Katika hesabu zao binadamu anatafuta faida yake, na ukimwona anatoa, ujue kuna analolitarajia. Pande zote mbili zilihukumu bila ushahidi wa kutosha, mpaka baadhi ya wachumi walipoamua kumpa mtu fedha halisi na kutazama anazifanyia nini.

Jaribio mashuhuri la aina hiyo lilichapishwa mwaka 1982 na Wajerumani watatu, Werner Güth, Rolf Schmittberger na Bernd Schwarze. Ni mchezo ambao watu wawili wasiojuana wanawekewa fedha. Wa kwanza anapendekeza mgao, wa pili anakubali au anakataa. Akikubali, kila mmoja anachukua fungu lake. Akikataa, wote wanatoka mikono mitupu. Kwa hesabu kavu, wa pili angepokea hata senti moja, maana senti ni bora kuliko kukosa. Na wa kwanza, akilijua hilo, asingetoa zaidi ya senti. Haikuwa hivyo. Jaribio limerudiwa mara nyingi katika vyuo vya Ulaya na Marekani, na kwa kawaida mgawaji hutoa asilimia 40 hadi 50. Anayepewa chini ya asilimia 20 mara nyingi hukataa. Yuko radhi akose fedha za bure, ili mradi mwenzake asifaidike kwa kumdharau.

Waliosoma matokeo hayo wangeweza kusema kwamba kupenda haki ni maumbile ya binadamu. Tatizo ni kwamba waliochezeshwa walikuwa zaidi wanafunzi wa vyuo vikuu. Katika miaka ya 1990 mwanaanthropolojia Joseph Henrich aliupeleka mchezo kwa Wamachiguenga, wakazi wa msitu wa Amazon nchini Peru. Wao walitoa wastani wa asilimia 26, na waliopewa kidogo walipokea karibu wote bila kinyongo; waliona wamekosa tu bahati ya kuwa wagawaji. Ndipo kundi la watafiti likauchezesha mchezo katika jamii ndogo 15 za mabara mbalimbali. Wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, walitoa zaidi ya nusu. Huko Papua New Guinea, miongoni mwa watu wa Au na Gnau, walikuwapo waliokataa hata mgao uliozidi nusu, kwa kuwa kwao zawadi kubwa ni deni na anayeipokea amejifunga. Wahadza wa Tanzania, ambao hugawana nyama kambini, walitoa mafungu madogo na kukataliana mara nyingi.

Jibu lenye mafunzo zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka Kenya, kwa Waorma wa Tana River. Mtafiti Jean Ensminger aliwaletea mchezo mwingine: kila mchezaji anapewa fedha, anatia kiasi anachotaka katika mfuko wa pamoja bila wenzake kujua ametia ngapi, mtafiti anauongeza mfuko maradufu, kisha wote wanagawana sawa, aliyetia na asiyetia. Mjanja hatii kitu, anangoja mgao. Waorma hawakuhitaji maelezo marefu. Wakasema huu ni mchezo wa harambee. Wakatia wastani wa asilimia 58 ya walichopewa. Zaidi ya hayo, wenye mali walitia zaidi, kama inavyotarajiwa kwao kijiji kinapochangia shule. Lakini katika ule mchezo wa watu wawili, utajiri wa mtu haukubadilisha mgao wake.

Mchezo ulikuwa umetungwa usiwe na historia, wachezaji wakaupa historia yao. Hawakuulizwa wana ukarimu kiasi gani. Wao ndio waliojiuliza kwanza: hapa tunafanya jambo gani? Walipopata jibu, kiasi cha kutoa kikafuata. Mchumi John List alilionyesha hilo kwa njia nyingine mwaka 2007. Kuna mchezo ambao mtu anapewa fedha na kuulizwa kama atamgawia asiyemjua, naye huyo hana sauti yoyote. Wengi hutoa kitu. List akaongeza ruhusa moja tu: ukitaka, unaweza pia kumchukulia mwenzako sehemu ya fedha zake. Idadi ya waliotoa ikaporomoka. Binadamu hawakubadilika, bali maana ya kutotoa ndiyo iliyobadilika. Zamani asiyetoa alikuwa bahili. Sasa asiyetoa, na asiyenyang'anya, ni muungwana.

Mwenye shaka atasema: basi ukarimu haupo, kuna kufuata desturi tu. Sikubaliani naye. Mworma alitia shilingi zake mahali ambapo mwenzake asingeweza kumsuta. Desturi iliyomwingia mtu mpaka anaifuata hata pasipo macho ya watu si maigizo tena, ni tabia yake. Lakini na methali nayo inahitaji kurekebishwa. Moyo si mtungi ambao mtafiti anaweza kuuchungulia na kusoma maji yamefika wapi. Mtu yuleyule anayesimama kwenye kikao cha harusi na kuahidi laki mbili mbele ya katibu mwenye daftari, kesho yake anaweza kumnyima jirani elfu tano ya dawa. Kuuliza upi kati ya mioyo hiyo miwili ndio wake halisi ni kuuliza vibaya. Yote miwili ni yake, ila alijiona yuko katika mambo mawili tofauti.

Gharama ya kusahau kwamba mtu hutenda kulingana na jambo analodhani analifanya ilionekana Haifa, Israeli, katika utafiti wa Uri Gneezy na Aldo Rustichini uliochapishwa mwaka 2000. Baadhi ya vituo vya kulelea watoto viliweka faini kwa mzazi anayechelewa kumchukua mwanawe. Uchelewaji ukaongezeka karibu maradufu. Awali kuchelewa kulikuwa kumkosea mwalimu. Baada ya faini kukawa huduma yenye bei, na anayelipa hana sababu ya kuona haya. Faini ilipofutwa, haya haikurudi.

Kwa hiyo majaribio haya yana thamani kubwa, ila si ile inayotangazwa mara nyingi. Hayawezi kutuambia kabila gani ni wakarimu na taifa gani ni wachoyo; anayeyatumia hivyo anafanya ubaguzi kwa takwimu. Yanaweza kutuambia ni katika hali gani watu walewale hutoa, hudai haki yao au hugoma. Ukisikia utafiti umethibitisha kwamba watu wa mahali fulani ni wabinafsi, usikimbilie kubishana kuhusu asilimia. Uliza fedha zilitoka wapi, nani alikuwa akitazama, na wachezaji wenyewe walidhani wanacheza nini.